Kinga za Vijana Zisifungiwe Stoo

(Hotuba tuliyosoma kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Tumeombwa kusema juu ya vijana na michezo. Tungeweza kusema mambo matamu ya amani na umoja, mkapiga makofi, tukaenda kula bugali na sombe. Lakini wote hapa mnajua kilichotokea kwenye mteremko wa njia ya Fizi. Kijana wetu alishuka mbio na wenzake siku ya Mungu, freni zikakataa, akaingia kwenye mfereji, mkono ukavunjika. Tangu siku ile komite iko na pendekezo mezani: kinga zote kumi na mbili za chama zirudishwe, zifungiwe stoo, zitoke tu kwa kubeba mihogo na ndagala. Mama yake alituuliza mbele ya watu: "Mutoto wangu akikufa, ni ninyi mutanizalia mwingine?" Tulitazama chini. Hatukuwa na jibu.

Kwanza tukubali kosa, na kosa ni letu sisi tunaopita vijijini na madaftari. Tulipoleta kinga zile tulisainisha watu karatasi, tukapiga picha, tukaandika kwenye ripoti kwamba vijana wamepokea. Picha zilikuwa nzuri sana, wafadhili wanazo. Hatukuleta pampu. Hatukuleta raba za freni za kubadilisha, wala hatukumtafuta fundi wa kuwaonyesha vijana namna ya kukaza waya. Ile kinga iliyoanguka, raba zake zilikwisha zamani. Kijana alikuwa anasimama kwa kisigino cha kandambili, na kisigino nacho kilikuwa kimekwisha. Kama kuna wa kuulizwa, tuanze na sisi.

Halafu tuseme ukweli juu ya kinga yenyewe. Wengi wetu tuliorudi kwa meli kutoka Kigoma kuanzia mwaka 2005, tulijifunza kuendesha kambini, Lugufu au Nyarugusu. Kinga ilikuwa ya mtu mzima, bomba liko juu, miguu haifiki. Unapitisha mguu mmoja chini ya bomba, mwili umepinda kama ndoano, unaenda. Ukianguka unacheka kwanza, unalia baadaye. Na tulikuwa tunaenda wapi? Kilomita 4 tu, kwa kuwa kutoka zaidi ya hapo bila kibali ilikuwa marufuku. Watoto wetu wa leo wana barabara isiyo na mpaka wa kibali. Msishangae wakikimbia.

Sasa tuwaeleze habari ya mtu mmoja. Ni Mnyarwanda. Tunasikia minong'ono tayari kule nyuma, na tunaielewa. Tunajua kila mmoja hapa anabeba nini moyoni, na hatukuja kumwambia mtu asahau. Tunaomba tu msikilize habari ya mtoto, kwa sababu mambo haya yalianza akiwa mtoto.

Jina lake Adrien Niyonshuti, mzaliwa wa Rwamagana, mashariki ya Rwanda, mwaka 1987. Mwaka 1994 alikuwa na miaka saba. Kwenye mauaji ya kimbari alipoteza ndugu zake sita. Sita, wazazi wetu. Humu ndani kuna watu wanaojua hesabu ya namna hiyo. Akakua. Mkubwa mmoja wa jamaa yake alikuwa amekimbia mbio za kinga kabla yake, na kijana akapata kupanda kinga ya chuma, ya zamani, nzito. Alipofika miaka 16 hivi akaanza mashindano.

Hapa kuna jambo ambalo komite ilisikilize vizuri. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Tom Ritchey, mtengenezaji wa kinga na mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza zile za milimani, alisaidia kuandaa mashindano Rwanda. Mpaka kinga za mbao zilishindana, ndugu za chukudu yetu ya Goma. Ritchey huyo huyo alileta kinga ndefu za mzigo, ili mkulima wa kahawa afikishe magunia haraka kabla kahawa haijaharibika. Mzigo na mbio, mtu mmoja, wakati mmoja. Hakusema: kwanza tubebe kahawa miaka ishirini, michezo itakuja baadaye. Sisi hapa tunabishana kama vile kinga inayobeba mihogo Jumatano haiwezi kukimbia Jumamosi.

Akaja kocha, Jonathan Boyer, yule aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kukimbia Tour de France, mwaka 1981. Akapima vijana, akajenga timu. Adrien akashinda Tour ya Rwanda mwaka 2008, na mwaka 2009 akaingia timu ya Afrika Kusini iliyomlipa mshahara. Mnaosema kinga haiko ya mchezo, ni ya kutafutia pesa: huyu aliitafutia pesa palepale kwenye mchezo. Lakini tusidanganyane, wanaofika huko ni wachache sana, na hatuahidi mzazi yeyote hapa kwamba mtoto wake ataenda Olimpiki.

Yeye alienda. London, mwaka 2012, ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Mbio zake zilikuwa za kinga za milimani, tarehe 12 Agosti, siku ya mwisho ya michezo, kwenye shamba moja mashariki ya mji linaloitwa Hadleigh. Mbio hizo si za lami. Ni kuzunguka njia ileile mara nyingi, mawe, kupanda, kushuka penye miamba, kwa muda wa saa moja na nusu hivi kwa walio mbele. Kinga ina matairi mapana yenye meno, na mbele ina springi ya kumeza mishtuko. Na freni! Kule mtu anayeshuka vizuri ni yule anayejua kufunga freni: lini, kwa vidole vingapi, na lini kuiachia. Mcheki mmoja, Kulhavý, alishinda kwa sekunde moja tu mbele ya Mswisi Schurter. Adrien alishika nafasi ya 39.

Tumeshawahi kusimulia habari hii kwa vijana, na mmoja akatuuliza: "Ya 39? Sasa hiyo ni kitu gani?" Swali zuri. Tulimjibu kwamba tunachompendea Adrien ni kile kilichofuata. Alifungua chuo cha kinga kwao Rwamagana, kwa watoto wa pale pale. Mwaka 2014 Tour ya Rwanda ilichukuliwa na Valens Ndayisenga, naye kijana wa Rwamagana. Baadaye Adrien alienda mpaka Benin kufundisha timu ya taifa. Mtu wa nafasi ya 39 anajua mambo ambayo wa kwanza pengine hajui: namna ya kumaliza ukiwa umechoka, na namna ya kutoanguka.

Njo sababu tunawaomba msifunge stoo. Mtoto akinyang'anywa kinga ya chama ataazima ya jirani, mbovu zaidi, na atashuka mteremko ule ule. Kinachokosekana hapa Baraka ni mtu mkubwa anayesimama karibu naye.

Tunaye. Yule mzee anayetengeneza kinga chini ya mwembe karibu na soko, mnamjua wote, amekubali kukagua kila Jumamosi asubuhi. Kinga isiyo na freni mbili haitoki, hata kama ni ya mtoto wa mwenyekiti (mama mwenyekiti atusamehe). Anaomba posho ndogo, na tunafikiri ni haki. Mbio za siku ya Mungu kwenye barabara kubwa, penye malori na pikipiki, ziishe kabisa. Tutumie njia za mashambani, zile tu ambazo shefu wa mtaa amesema ni salama, na wenye mashamba waulizwe kwanza, maana tairi kwenye muhogo mchanga ni kesi. Na mabinti wasiachwe. Kuna mmoja anayepanda kilima na ndoo ya ndagala nyuma, na bado anawaacha wavulana.

Kwa wafadhili: msitutumie kinga nyingine mwaka huu. Tuma raba za freni, waya, tyubu, pampu mbili nzuri na helmeti. Tutapiga picha za hizo pia, ingawa hazipendezi.

Kijana aliyevunjika yuko hapa, amekaa karibu na mlango, mkono bado uko kwenye plasta. Mama yake amekaa naye. Jana alitutuma ujumbe kwenu. Hakuomba kinga mpya. Aliomba raba za freni, jozi mbili, kwa sababu amekagua na ile ya kinga ya rafiki yake, akakuta nayo imekwisha.