Kabla Ganzi Haijakwisha



Mama anayepasuliwa ili ajifungue, awe katika hospitali ya Meta hapa Mbeya au ya Tosamaganga kule Iringa, aghalabu huchomwa sindano ya mgongoni yenye dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini, akabaki macho na kukisikia kilio cha kwanza cha mwanawe ilhali tumbo lake lingali wazi. Na neema hiyo, ambayo tabibu August Bier aliifungulia mlango huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, hudumu takriban muda wa saa 2 hadi 3, kisha huondoka. Huondoka kwa kushuka, na hapo ndipo wengi wetu hukosea hesabu: tumbo huweza kuamka hali miguu ingali mizito, hata muuguzi angojeaye mama achezeshe vidole ndipo amtafutie dawa, huwa amekwisha kuchelewa.

Ganzi huziba njia ya habari. Haizimi moto unaowaka jerahani. Mwaka 1971 mwanasayansi John Vane, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1982, alidhihirisha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, vitu vinavyozidisha uvimbe na kuifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuumia. Kwa hiyo diklofenaki, mmoja wa jamaa hao wa aspirini, miligramu 75 msulini, pamoja na parasetamoli, ikitolewa kabla ganzi haijakwisha na kurudiwa kwa saa, si kwa kilio, hutuliza maumivu, na hupunguza pia haja ya dawa kali kama pethidini na mofini.

Nasema si kwa kilio kwa sababu akina mama wa nyanda hizi wamelelewa katika stahamala. Ukimwuliza mmoja wao alfajiri ya baridi ya Julai, "Mama, unaendeleaje?" atakujibu, "Nashukuru," huku ameukamata upindo wa blanketi hata vifundo vya vidole vimekwajuka. Mwambie ageuke, akohoe, amwinue mtoto. Ndipo utakapoujua ukweli.

Kuongeza dawa, tuelewane, si kuichanganya katika sindano ya mgongoni. Diklofenaki haina nafasi huko abadani. Vivyo hivyo, kwa kijana wa bodaboda aliyevunjika mkono, aliyetiwa ganzi ya mishipa ya fahamu ya bega, deksamethasoni hurefusha nafuu kwa saa kadhaa, nami naipendelea ipitie mshipa wa damu badala ya kuchanganywa na ganzi.

Hatuna budi kuwa na hadhari. Aliyetoka damu nyingi, mwenye figo dhaifu, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, na hasa mwenye kifafa cha mimba ambaye mkojo wake umepungua, asipewe diklofenaki kwa mazoea. Parasetamoli na mofini kidogo humfaa zaidi.

Naomba basi saa ya sindano ya mgongoni na saa ya diklofenaki ziandikwe katika mstari mmoja wa fomu ya usingizi, ili muuguzi wa zamu ya usiku azione pasipo kutafuta.