Mioto Miwili Katika Nyumba Moja

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo aliyezaliwa Tanga au Mombasa hana haja ya kulifikiria mpaka ahamie huku Uingereza kwenye baridi: namna ya kuipasha nyumba joto.

Nyumba nyingi za hapa hupata joto kutoka boila ya gesi. Boila huyapasha maji, pampu huyasukuma, nayo hupita ndani ya rejeta zilizofungwa ukutani, kisha hurejea kupashwa tena. Bei ya gesi ilipopanda mno mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, watu wengi waligeuza macho kwenye meko ya zamani yaliyomo sebuleni. Wakauliza: je, haiwezekani kuweka jiko la kuni, likayapasha maji yale yale yanayozunguka nyumba nzima, na boila ya gesi ikapumzika?

Yawezekana. Yapo majiko ya chuma yaliyoundwa kwa kazi hiyo, yenye tangi dogo la maji nyuma ya moto. Lakini wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na anayetaka kuwaweka pamoja hana budi kwanza kuzijua tabia zao.

Moto wa gesi ni mtiifu. Maji yakifikia kiwango kilichowekwa, kidhibiti joto hutoa amri na mwali huzimika papo hapo. Moto wa kuni hauna swichi. Ukishatia magogo, waweza kupunguza hewa moto ukafifia, lakini makaa yataendelea kutoa joto kwa saa kadhaa. Sasa tufikiri umeme umekatika usiku wa tufani. Boila imezimika na pampu imesimama, ilhali jiko linaendelea kuwaka. Maji yaliyo nyuma yake yatachemka na kuwa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea, tangi laweza kupasuka kwa kishindo kama cha bomu.

Ndiyo maana mafundi hushikilia mambo matatu. Kwanza, kutoka kwenye jiko hupandishwa bomba lililo wazi daima, lisilo na vali yoyote, hadi juu ya tangi dogo lililo chini ya paa. Pili, mabomba manene huliunganisha jiko na tangi la maji moto lililo juu yake, ili maji yazunguke yenyewe bila pampu, kwa kuwa maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Tatu, huwekwa rejeta moja isiyoweza kufungwa, ambayo kazi yake ni kupokea joto la ziada wakati wote.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Boila nyingi za gesi za siku hizi hufanya kazi katika mfumo uliofungwa, ambamo maji yamo chini ya shinikizo. Jiko la kuni la kawaida lahitaji mfumo ulio wazi. Kuunganisha mabomba ya pande hizo mbili moja kwa moja ni kualika maafa. Njia moja ni kuweka tangi kubwa la kuhifadhi joto, kila moto ukilipasha kwa njia yake. Njia nyingine ni kifaa cha mabamba membamba ya chuma, ambamo maji ya jiko hupita upande mmoja na maji ya boila upande mwingine. Joto huvuka, maji hayachanganyiki.

Kazi hiyo ina gharama, na kwa familia nyingi busara ni kuchagua njia nyepesi zaidi: jiko lisilopasha maji kabisa, lipashe sebule tu, na gesi ibaki na nyumba yote. Hata hapo pana mtego. Ikiwa kidhibiti joto cha boila kimo sebuleni, kitadhani nyumba nzima imepata joto na kuizima boila, huku watoto wakitetemeka vyumbani. Kihamishiwe chumba kingine.

Lipo jambo kubwa kuliko fedha. Tangu nyumbani tunajua kwamba jiko la mkaa haliingizwi chumba cha kulala. Kinachoua ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Jiko la kuni nalo huitoa, hasa dohani ikiziba au hewa ikipungua. Kwa hiyo tundu la hewa lililowekwa na fundi lisizibwe kwa matambara, hata upepo wake ukikukera. Dohani isafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Katika chumba chenye jiko pawepo king'ora cha gesi hiyo. Kanuni za ujenzi za England zinalitaka hilo jiko jipya linapowekwa.

Fundi naye achaguliwe kwa makini. Anayegusa gesi sharti awe katika orodha ya Gas Safe Register, iliyoanza kutumika mwaka 2009. Kwa majiko ya kuni, orodha inayojulikana zaidi ni ya HETAS. Cheti cha kazi moja hakimpi mtu ruhusa ya kufanya nyingine. Nawe uliye mpangaji, usianze lolote bila idhini ya mwenye nyumba.

Tusiwasahau majirani. Moshi mzito ulioifunika London mwezi Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, na mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya hewa safi. Mpaka leo, miji mingi ina maeneo ambamo kuni huchomwa tu katika majiko yaliyoidhinishwa. Kuni ziwe kavu, unyevu usizidi asilimia 20, kwani kuni mbichi hupoteza joto kwa kukausha maji yake yenyewe na kuijaza dohani masizi. Na hata jiko bora hutoa vumbi laini lenye madhara kwa mwenye pumu.

Basi, msikilizaji, mioto miwili yaweza kuishi nyumba moja, mradi ule usiozimika kwa amri uachiwe daima njia ya kupumua. Tahadhari kabla ya athari.