Errani na Paolini Watwaa Paris

Msikilizaji, habari hii ilipita kwa sentensi moja: Sara Errani na Jasmine Paolini wa Italia ni mabingwa wa tenisi ya wanawake wawili wawili, Roland Garros 2025. Waliwashinda Anna Danilina wa Kazakhstan na Aleksandra Krunić wa Serbia kwa seti 6-4, 2-6, 6-1.

Sentensi moja haitoshi. Errani alikuwa na miaka 38 aliposhinda, na mpira wake wa kuanzia ni dhaifu. Alipocheza peke yake, wapinzani walimwadhibu. Wakiwa wawili mambo hubadilika. Paolini husimama karibu na wavu, tayari kuukata mpira unaorudi, naye Errani huziba mapengo kwa akili ya mtu aliyekwishayaona yote. Kombe hilihili alilitwaa mwaka 2012 pamoja na Roberta Vinci. Paolini wakati huo alikuwa binti wa miaka 16!

Mwaka 2024, kwenye viwanja hivyohivyo, waliipa Italia dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika tenisi. Watangazaji wenzangu, tuwape wanawake hawa muda wao hewani.