Gari Tulilojijengea na Injini Tuliyoisahau Kitabuni

(Mazungumzo kwa wanavikundi waliokutana Karatina)

Tumeombwa tuzungumze juu ya lile gari letu ambalo wengi wenu mmeliona likipanda mlima na magunia. Wengine mmelicheka, na ni haki yenu, kwa maana mlango mmoja ni wa buluu na mwingine hauna rangi kabisa. Lakini leo hatukuja kusema juu ya sura yake. Tumekuja kusema juu ya namba mbili zilizopigwa kwenye chuma, moja ya chesisi na moja ya injini, na kitabu cha gari ambamo namba hizo huandikwa.

Mwaka 2011 tulikuwa tukileta kabeji na viazi kutoka upande wa Kieni, na mwenye pikapu ya kukodi alikuwa akila karibu nusu ya pesa yetu. Gari jipya hatungeliweza hata kwa harambee tatu. Basi tukasikia kuna Land Rover ndefu, nzee sana, imeangukiwa na mti na bodi yote imepondeka. Chesisi ilikuwa nzima, na mwenyewe alikuwa na logibuku. Tukanunua. Mafundi wa jua kali mjini Nyeri wakatutengenezea kichwa kipya na kitanda cha nyuma cha mbao na vyuma vya pembe.

Hapo kwenye logibuku msipite haraka. Kuna vijana hodari hapa kwetu wanaoweza kuchomelea gari kuanzia chuma cha kwanza. Likishamalizika, msajili atawauliza: chesisi hii ilitoka kiwanda gani, na ushuru wake ulilipwa wapi? Mnakumbuka ile Nyayo Pioneer. Rais Moi aliwaambia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 watengeneze gari la Kenya, yakatoka magari matano ya kwanza, yakaonyeshwa watu 1990. Kiwanda chenyewe kikakosa pesa, na gari halikufika sokoni. Ikiwa serikali nzima ilikwama, sisi wa kabeji tungefika wapi? Ndiyo sababu tunasema jenga juu ya chesisi iliyo na karatasi zake.

Bodi tuliiandikisha vizuri. Kitabu kilisema steshenwagoni, na sasa ilikuwa pikapu, kwa hivyo tukaipeleka ikaguliwe na kitabu kikabadilishwa. Tukajiona tumeelimika.

Basi ikaja injini. Ile ya zamani ilikuwa ya petroli, cc 2,286, na ilikunywa kama ng'ombe wa Januari. Mwaka 2018 tukachanga tukanunua injini kuukuu ya dizeli Nairobi, Toyota 3L ya cc 2,779. Fundi akakata bamba la chuma la kuiunganisha na giaboksi ya Land Rover, akachomelea mikono mipya ya kuibeba, na gari likapanda mlima kama lina haraka ya arusi. Tukafurahi mno. Kitabu kikabaki sandukuni, bado kinasema petroli, bado kina namba ya injini ambayo sasa ilikuwa imelala ghalani. Na ile risiti! Iliandikwa "injini moja" na bei, basi. Namba hakuna.

Mwaka uliofuata tukasimamishwa njiani. Afisa akafungua boneti, akasoma namba, akaangalia kitabu. Akatuuliza hii injini ni ya nani. Ndugu zetu, swali dogo hivyo, na watu wazima watatu hatukuwa na jibu. Hatuwezi kumlaumu. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetolewa katika gari la mtu aliyeibiwa. Gari likazuiliwa siku tatu na kabeji juu yake, na jua mnalijua. Kuna mama mmoja wetu, mjane, mzigo wake ulikuwa karo ya mtoto. Kikundi karibu kivunjike: wengine walitaka mwenyekiti alipe, wengine mweka hazina, wengine fundi.

Katika siku hizo mtu mmoja akatujia kwa siri. Akasema, kwa pesa kidogo tu, atasaga namba ya Toyota na kuipiga pale namba ile ya zamani, na mambo yamekwisha. Tunakiri kwamba tulinyamaza kidogo kabla ya kukataa. Lakini hilo ni kosa la jinai, na namba iliyosagwa huonekana. Ukikamatwa nayo huna tena kosa la kusahau, una kosa la wizi wa kujibia.

Tulirudi Nairobi. Kwa bahati muuzaji alikuwa bado pale, na alikuwa na karatasi za kuingiza injini hiyo nchini. Akatuandikia mapatano ya kuuziana yenye namba ya injini, kitambulisho chake na sahihi. Angekuwa amehama, leo tungekuwa na chuma tu. Polisi wakahakikisha haijaibwa, gari likakaguliwa Nyeri, tukaomba NTSA wabadilishe namba, cc na mafuta. Siku hizi maombi hayo hupitia eCitizen. Mwombeni kijana wa saiba awasaidie, lakini nywila wekeni nyinyi. Na bima pia iambiwe. Ajali ikitokea na gari si lile lililoandikwa, kampuni hupata mahali pa kubishia.

Tumeulizwa na ndugu wa Mukurweini: je, injini ikiwa ya aina ile ile? Bado namba ni nyingine, badilisha. Silinda hedi peke yake? Hapana, namba iko kwenye bloku. Giaboksi haimo kitabuni.

Ile injini ya petroli imepata mnunuzi, mtu wa Naro Moru anayetaka kuvutia maji. Tumemwandikia karatasi, na namba iko ndani. Alishangaa kidogo kwa nini tulimshikilia aisome mwenyewe kwenye chuma, akiwa na tochi, kabla ya kupokea pesa yake.