Tairi la Trela Kati ya Jinja na Mbale



Barabara itokayo Jinja kupitia Iganga na Tirinyi hadi Mbale ni ndefu, na jua lake ni kali. Tairi la trela lenye upepo pungufu hujikunja, hupata joto, hupasuka. Trela likayumba, akaumia mpita njia.

Twawasihi basi: someni ubavuni mwa tairi ukubwa wake na uzito liwezao kubeba. Matairi ya ekseli moja yalingane. Tarakimu nne, mathalani 2319, humaanisha lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pimeni upepo kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kiasi alichoagiza mtengenezaji wa trela.

Dakika tano za geji zaweza kumwokoa mtoto aendaye shule.