Okidi za Kitulo na Sisi wa Bondeni

Juu ya Milima ya Livingstone, tunayoiona kila siku kutoka Kyela, Ipinda na Matema, kuna Kitulo, maarufu kama Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Imetengwa hasa kwa ajili ya mimea, zikiwemo aina zaidi ya 40 za okidi.

Okidi hizi zinachimbwa, na inauma. Chini ya shina huwa na viazi viwili: cha zamani kimesinyaa, kipya ni kigumu, kimebeba akiba ya mwakani. Mchimbaji hutaka kile kigumu. Akikichukua, mmea umekwisha. Vingi huvushwa hadi Zambia, vikatwangwa na karanga kupikia chakula kiitwacho chikanda. Mbegu za okidi hizi ni laini kama vumbi na haziwezi kuota bila kuvu maalumu wa udongoni, hivyo kuirudisha mimea hii ni kazi ngumu mno.

Ndugu yangu, ukiombwa kusafirisha gunia la viazi hivyo, kataa, kisha toa taarifa kwa serikali ya kijiji. Nasi wa bondeni tuna wajibu wetu wa kutunza mimea ya hapa kwetu: kandokando ya mito ya Lufilyo na Mbaka, sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Iache miti ya asili iliyopo hapo.