Damu ya Mtoto Inatoka kwa Baba na kwa Mama



Mtoto anazaliwa muzima, ananyonya, ananenepa. Akipita miezi sita hivi, mikono na miguu inavimba, analia usiku, macho yanageuka manjano. Mavyala anasema, "Amerogwa!" Hapana, mama. Ni drepanositozi, na mtoto alizaliwa nayo.

Sikilizeni. Chembe nyekundu za damu zimejaa hemoglobini, ndiyo protini inayobeba oksijeni. Agizo la kuitengeneza linaitwa jeni: moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Lakini tumboni mtoto anatumia hemoglobini nyingine, ya watoto wachanga tu, na hiyo inamlinda. Inapopungua, ile ya wakubwa inashika kazi. Kama jeni zake zote mbili zina kosa, chembe zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Basi jirani hakufanya kitu.

Mwenye jeni moja ya kosa tunamwita AS. Yeye si mgonjwa. Tena mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha katika Afrika Mashariki kwamba watu hao wanakingwa na malaria kali. Lakini AS wawili wakioana, katika kila mimba hatari ya kuzaa mtoto SS ni moja kati ya nne. Kila mimba! Na bwana anayemfukuza bibi yake kwa ajili hiyo, naye alitoa nusu.

Mtoto wa namna hii apimwe damu. Akiwa SS na homa ikamshika usiku, musingoje asubuhi.